Sehemu ya Abti

Wakesho mwanangu,

Barua huanza na salamu kwa sababu mwandishi yuko mbali. Mimi niko hapa hapa, ukuta mmoja tu kati yetu, nakusikia unapiga pasi gauni la samawati huku ukimwambia baba yako kwamba kamba ya sanduku inatosha, asiongeze nyingine. Kwa hiyo salamu nimeziruka. Habari za sabuni, chandarua na wasichana wa kuandamana nao nimeziruka pia. Baba yako amekueleza hayo tangu juzi, na kama ninavyomjua atayarudia kesho mpaka lori liwashwe.

Naandika jua halijatua bado, maana nikingoja giza nitapata sababu ya kuacha. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Jumatatu tulipokuwa tukichagua mchele nilifungua kinywa, nikaishia kukuuliza kama umepata soksi ya pili. Mimi ninayelipwa kwa kusema kutwa nzima. Ukaniangalia ukacheka, ukasema mama umeanza kuzeeka. Nikakubali, maana ilikuwa rahisi kuliko hili lingine.

Unakwenda kusomea ualimu. Ulipomwambia baba yako kwamba utaomba kufundisha hesabu peke yake, kwa sababu hesabu hazina habari za watu, alidhani ni mzaha. Mimi nilijua si mzaha. Nilijua umelitoa wapi, na nikanyamaza kama nilivyonyamaza karibu miaka mitatu sasa.

Ni ile chati ya sikukuu, mwanangu.

Ulikuwa darasa la tano, na darasa lilikuwa langu. Vita vilikuwa vimeanza. Jioni tulijifungia kabla ya saa kumi na mbili kwa amri, na darasani watoto walikuwa wamejigawa bila kuambiwa na mtu. Upande wa dirisha wamekaa watoto wa watu wa bara, wa makarani na askari na walimu. Upande wa mlango wamekaa watoto wa Kisomali. Katikati ni wewe na Habiba tu, dawati moja, mkigombania rula. Nikajiambia dawa ninayo. Watoto wakizijua sikukuu za wenzao, hawataogopana. Nikamwomba baba yako yale makaratasi makubwa ya ofisi ya mifugo yenye ramani za majosho, nikayageuza upande mweupe, nikayabandika ukutani matatu: Krismasi, Idd, Diwali.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Nalisema mapema ili usije ukalitupa pamoja nami. Unakumbuka binti wa mwenye duka la vitambaa alivyotuletea vitaa vya udongo, akaviwasha mezani pangu, na ncha ya karatasi ya Diwali ikashika moto? Darasa zima lilicheka, dirisha na mlango. Siku ile nilirudi nyumbani nikiimba.

Karatasi ya Krismasi niliichora mwenyewe. Nilichora mti wenye theluji na mzee mwenye ndevu. Theluji, Wakesho, mimi wa Wundanyi na ninyi wa Garissa. Sikuchora kimanga tunachoponda wenyewe, muhogo na maharage, mpaka mikono inauma. Wala sikumchora baba yako nyuma ya jiko na mtungi wake wa mbangara, anaoupika kila Desemba bila kibali cha mtu, na mimi nikiimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa ili anayepita nje asikie wimbo na asinuse pombe. Hayo yalikuwa ya nyumbani. Nisingeyabandika ukutani hata kwa fimbo.

Lakini ya Idd niliitaka kweli tupu. Idd kubwa ilikuwa imetoka kupita, nikawaambia watoto wa Kisomali kila mmoja achore jinsi nyama inavyogawanywa kwao, fungu kwa fungu, na nani anapata lipi. Ya kwetu niliichora uongo, ya wenzetu nikaidai kweli. Sikuona tofauti. Imenichukua muda mrefu kuiona, na hata sasa nikiiona natamani kufumba macho.

Habiba alichora vizuri kuliko wote. Mbuzi kwanza, kisha fungu la nyumba, fungu la maskini, fungu la majirani. Katika majirani alitia nyumba yetu, akaiwekea msalaba juu ya bati, ingawa nyumba yetu haina msalaba. Nadhani alitaka tusipotee. Pembeni akachora kopo la samli lenye kifuniko. Nyirinyiri. Wewe uliijua, kwa kuwa ulikuwa umeshinda kwao siku ile ukimtazama mama yake, Halimo, akikata nyama vipande vidogo vidogo na kuikaanga katika samli ili ikae miezi isioze. Kiswahili cha Habiba cha kuandika kilikuwa bado kinachechemea, akakuomba umwandikie maneno. Ukamwandikia chini ya kopo, kwa hati yako ile ya kulala kidogo kulia, iliyokuwa nzuri kuliko yangu: "Hii ni sehemu ya abti. Tunamwekea mpaka aje."

Yaliyofuata unayajua kwa namna yako. Siku ya wageni ikafika, wakubwa wakaja shuleni, wakapita darasani wakitazama kuta. Baada ya siku tatu, alfajiri, askari wakamchukua Hirsi, baba yake Habiba, pamoja na mbuzi wote wa zizini, kwa kosa la kuwalisha watu wa porini. Ukatoka shuleni umekimbia mpaka kiatu kimoja kimekatika. Nilikuwa mezani nasahihisha. Ukaniambia watoto wanasema mchoro ule ndio uliomfungisha Hirsi, na maandishi yake ni ya mtoto wa mwalimu. Ukaniuliza, "Mama, ni mimi?"

Nakumbuka daftari lililokuwa mbele yangu. Nakumbuka hata kosa nililokuwa nakaribia kulipiga mstari. Sikuinua kichwa. Nikakujibu, "Basi siku nyingine uwe mwangalifu na unachokiandika."

Ndivyo nilivyosema. Nikaendelea kusahihisha, wewe ukaenda jikoni, na usiku hukula.

Sasa nikuambie usichokijua, kwa sababu wakati ule ulikuwa nyuma ya jengo na kwaya, mnajaribu sauti. Yule ofisa wa usalama alikuwa mgeni mjini, mtu mpole wa sura, mikono nyuma. Alitazama mti wangu wa theluji akatabasamu. Akatazama Diwali na ncha yake iliyoungua. Karatasi ya Idd aliipita. Hakuisoma, Wakesho. Wala hakusimama. Alikuwa amekwisha fika mlangoni anauliza chai iko wapi.

Mimi ndiye niliyemrudisha.

Nilisema, "Afande, hii hujaiona." Akarudi kwa adabu. Nikamwekea kidole changu juu ya kopo lile. Akauliza abti ni nani. Angemuuliza mtu mwenye akili, angejibiwa kwamba ni mjomba tu, twende chai inapoa. Mimi nikajaa kifua. Nikamweleza kwamba abti ni ndugu wa mama, na kwamba kwao hata awe mbali porini, sehemu yake hailiwi na mtu, huwekwa mpaka aje mwenyewe kuichukua.

"Na huja?" akauliza.

"Huja, afande," nikamjibu. "Damu ni nzito kuliko maji."

Nikaongeza methali! Kisha akauliza kazi hii nzuri ni ya mtoto gani, nami nikamshika Habiba bega, nikamsogeza mbele, nikawaambia wageni wampigie makofi. Wakapiga. Yeye akainamisha kichwa, akang'ata ncha ya shungi lake. Nilifikiri ni haya ya mtoto.

Kwa nini nilimrudisha, nimejiuliza mpaka nimechoka na sauti yangu. Mwalimu mkuu asubuhi ile alikuwa ameniambia chati zangu ni michezo ya chekechea. Hiyo ni sababu moja, na ni ndogo. Iliyo kubwa ni kwamba nilitaka yule bwana aone kuwa mwanamke huyu wa Kitaita, asiye na bunduki wala gari, anawajua Wasomali kuliko yeye. Nilikuwa nimekula kwa Halimo miaka mitano. Alikuwa akiniita walaal, dada. Yote niliyopewa sahanini nikayatoa mbele ya mgeni ili nionekane mjuzi. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza cha mwenzangu, changu kikabaki salama.

Kama yule abti alikuwa shifta, mmoja wa hao watu wa porini wanaopigana na serikali, sijui. Huenda alikuwa mchunga ngamia wa upande wa Modogashe anayeogopa kuingia mjini kwa sababu ya vizuizi. Hakuja tena. Halimo hajui yuko wapi mpaka leo. Hirsi alirudi baada ya miezi kumi na mmoja, na umemwona: mkono wa kulia haushiki. Mwanamume aliyekuwa akimlaza mbuzi wake mwenyewe siku ya Idd, akawachinjia watu wake na kugawa nyama kwa mkono wake, sasa hukaa kwenye mkeka akitazama jirani akimfanyia. Habiba alipelekwa Balambala kwa bibi yake, na darasani hakurudi. Alikuwa na kichwa chepesi kuliko chako, na nasema hivyo nikijua ulivyo na kiburi cha alama zako.

Na wewe je? Krismasi ya mwaka ule nilikupa sahani ya chapati nimeifunika kitambaa, uipeleke kwa majirani kama kawaida. Ulifika mlangoni ukasimama. Kisha ukageuka, ukaiweka mezani, ukasema kichwa kinauma. Tangu hapo hujatoa sahani nje ya nyumba hii, na sahani ya Idd ikiingia kutoka kwa mtu yeyote, huigusi. Baba yako husema msichana ameanza kujivuna. Nilimwacha aseme.

Halafu hati yako. Iliinuka. Juma lile lile uliacha kuandika kwa hati ya kulala, ukaanza herufi za kusimama, moja moja, zilizoachana, kama za mabango ya barabarani, zisizoweza kutambulika ni za nani. Mimi mwalimu wa hati niliona siku ya kwanza. Nilijua unajificha ndani yake. Unajua nilifanya nini? Niliandika pembeni, "Hati imekuwa safi," nikakupa alama.

Hilo ndilo linaloniamsha usiku. La Hirsi nilikosa kwa kujisifu, kosa la dakika mbili. Lako nililifanya kila siku, asubuhi na jioni, kwa miaka karibu mitatu, nikikupikia uji. Kila siku ningeweza kusema, na kila siku nilijipa sababu. Nilisema bado mdogo, hataelewa. Nikasema ana mtihani. Nikasema amesahau. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona nafuu. Maadamu mzigo uliubeba wewe, watu hawakunitazama mimi. Mtoto husamehewa, nikajiambia, hata mji utamsamehe. Nilikuweka mbele yangu, Wakesho, kama nilivyomweka Habiba.

Sikuandikii ili unionee huruma. Ukinionea huruma nitakuwa nimekubebesha mzigo mwingine.

Siku moja utasimama mbele ya watoto, na hesabu peke yake hawatakupa, wakuu wa shule si watu wa kuchaguliwa masomo. Itafika Desemba, au mwezi utaandama, na mtoto atakuuliza kwa nini wale hawali mchana, au kwa nini hawa wanaimba. Usiogope kumjibu. Mimi niliharibu kwa kuzigeuza sikukuu za watu ziwe kitu cha kutazamwa ukutani, kama picha ya wanyama wa porini, na mimi mwenye kijiti nikielekeza. Anza na ya kwenu, na uwe mkweli kuhusu hiyo kwanza. Ukiona kuna kitu chenu usichoweza kukichora, basi jua na wenzako wanacho, na usikiombe. Vingine utavijua kwa sababu ulialikwa ukala. Hivyo viache kwenye sahani. Sina zaidi ya hapo, na hata hayo sikuyasoma chuoni.

Leo baada ya sala ya alasiri nilikwenda kwa Halimo.

Nilijua lazima niende kabla ya kukuandikia, maana singeweza kukutuma kwenye ukweli nisikokwenda mwenyewe. Nilimkuta jikoni, sufuria motoni. Sikukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia chai mpaka makofi, na nikamwambia kwamba wewe hujui, kwamba unaamini ni maandishi yako. Alikuwa akikoroga. Sikuona mkono wake ukisimama mpaka nilipofika hapo pa mwisho.

Kumbe mwenzangu alijua yangu yote tangu siku ya kwanza. Habiba aliyasikia maneno yangu kwa masikio yake, akayapeleka nyumbani jioni ile ile, kabla hata baba yake hajachukuliwa. Miaka yote nimejidanganya kwamba mtoto yule alisikia makofi tu. Alichokuwa hajui Halimo ni kimoja tu, kwamba wewe hujaambiwa.

"Mwalimu," akaniambia, walaal hajaniita tena, na leo pia hakuniita. "Mtoto yako kila siku nabita hapa mlango yangu, macho yake iko chini. Mimi nafikiri wewe umeambia yeye kitambo. Nasema, huyu naona haya ya mama yake. Kumbe naona haya ya yeye mwenyewe?"

Akageuka akanitazama, na nikatamani angenipiga.

"Wakati ile mtoto ya miaka kumi na nne," akasema. "Wewe umemwacha na kitu kama hii."

Hakuwa akisema habari ya Hirsi. Alikuwa akisema habari yako. Mwanamke ambaye nimempotezea mume kwa miezi kumi na mmoja, na kaka huenda moja kwa moja, alikasirika kwa ajili yako, jambo ambalo mimi mama yako sikuwa nimelifanya. Nililia pale pale. Yeye hakulia, wala hakunishika mkono. Aliendelea na sufuria yake mpaka nilipomaliza, kisha nikamwomba msamaha.

Akaniambia hajui. Ya kwangu bado anaiangalia, na Hirsi naye ana yake ya kusema, si yeye wa kusema kwa niaba yake. Nilimwelewa. Nilikwenda nikitaka msamaha nirudi nao kama mtu aliyetoka sokoni, na nikarudi bila. Ni haki yake.

Lakini nilipofika mlangoni aliniita. Nyama ile iliyokuwa motoni aliikata leo asubuhi, baada ya kusikia sokoni kwamba unaondoka kesho na msafara wa askari. Aliikata kabla sijaja, Wakesho, kabla hajajua unachobeba, alipokuwa bado anadhani unaona haya kwa ajili yangu. Akaijaza katika kopo la samli, akamimina samli juu mpaka ikafunika, akafunga kifuniko kwa kitambaa. "Nyirinyiri ya safari," akasema. "Hii sehemu yake. Wewe usikule."

Nimeliweka juu ya sanduku lako, na barua hii iko chini yake. Utaliona kabla ya kuiona barua, na huenda utataka kulirudisha. Usilirudishe. Kula njiani, wape na wenzako, na wakikuuliza ni nini waambie ni nyama ya safari kutoka kwa jirani. Inatosha. Hawahitaji zaidi.

Ukiweza kuniandikia, niandikie. Usipoweza kwa muda, nitaelewa, nami nitamwambia baba yako posta zimechelewa. Na huo ndio uwongo wa mwisho nitakaousema juu yako, maana leo usiku naye nitamweleza. Lakini siku utakayoandika, niandikie kwa hati yako ile ya zamani, inayolala kulia. Sitajali umeandika nini. Hata kama ni ya kunilaani, nitaitambua ni yako.

Jambo moja limebaki, na si langu, ni ujumbe nilioagizwa. Kesho lori litashuka kwa njia ya mtoni na litapita mbele ya nyumba ya Halimo. Amesema atakuwa amesimama mlangoni. Amesema nikuambie uangalie juu.

Basi mkipita pale inua macho, mwanangu, umtazame. Nitakuwa kando ya barabara nami, nimekuja kukuaga. Ukiniona nimeangalia chini, usishangae. Haya ile ilikuwa yangu tangu mwanzo, nimeichukua.

Mama yako